Wahadhiri na malimwengu pepe: waanzie wapi?

Swali: "Assalaam aleikum. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu chenye tawi hapa Malindi. Nimepewa jukumu la kuwajulisha wenzangu wapatao ishirini malimwengu pepe, yaani yale mazingira ya kompyuta ambamo kila mtu huwa na umbo lake, avata, na kwa umbo hilo hutembea, huzungumza na wenziwe na hujenga vitu pamoja nao. Wakubwa wetu wanataka tununue miwani ya uhalisia pepe na tujenge mfano wa chuo chetu humo. Wenzangu wengi wanaona ni mchezo wa watoto. Intaneti yetu ni ya kubahatisha na kompyuta za maabara ni za zamani. Nianzie wapi, nitumie programu gani, na je, jambo hili litatuunganisha kweli na wenzetu walio Lamu, Kilifi na Mombasa?"

Jibu: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kwa ufupi, usinunue miwani, usijenge chuo, wala usiwaite wote ishirini siku moja. Teua wahadhiri wasiozidi wanane, ambao kila mmoja wao ana mada moja anayoona haifundishiki vizuri kwa ubao na maneno matupu. Waingize kama wageni katika kikao kifupi kilichokwisha andaliwa, kwenye seva (kompyuta inayouendesha ulimwengu huo) iliyomo ndani ya maabara yenu wenyewe, na kazi ya kikao hicho iwe ni ya masomo tangu mwanzo. Kuna sababu za kusema hivyo, na baadhi yake zimelipiwa kwa gharama kubwa na vyuo vilivyotutangulia.

Nianze na hilo la kujenga mfano wa chuo, kwa kuwa ndilo litakalokula fedha na muda. Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa kwa umma na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003, ulivuma sana miaka michache baadaye, na vyuo vikuu vingi vya Marekani na Uingereza vilikodi visiwa ndani yake na kusimamisha majengo ya utawala, maktaba, na kumbi za mihadhara zenye viti vilivyopangwa safu kwa safu. Mengi ya majengo hayo yalikaa matupu. Ukumbi wa mihadhara una viti kwa sababu miguu ya binadamu huchoka, na una paa kwa sababu mvua hunyesha. Avata haichoki wala hailowi, na anayeingia akakuta viti, jukwaa na skrini amepewa darasa lile lile alilolizoea, isipokuwa maandishi yake hayasomeki vizuri na mtandao unakatika katikati ya sentensi. Kisha mwaka 2010 kampuni ikatangaza kuondoa punguzo la nusu ya bei lililokuwa likitolewa kwa taasisi za elimu. Punguzo hilo lilirudishwa mwaka 2013, lakini vyuo vingi vilikuwa vimeshaondoka, na majengo hayakuwa rahisi kuyahamisha. Waliobaki hawakuwa wenye majengo mazuri. Walikuwa ni watu waliokuwa na sababu ya kukutana, kama vile kundi la Virtual Ability linalowasaidia watu wenye ulemavu, na wale walimu wanaojitolea kuendesha kila mwaka, ndani ya ulimwengu pepe wenyewe, mkutano uitwao Virtual Worlds Best Practices in Education.

Kuhusu miwani sitakuwa na mengi. Ni ghali, huwatia baadhi ya watu kizunguzungu, na jozi mbili au tatu katika maabara maana yake ni kwamba mmoja anatazama na wengine wanamtazama yeye. Programu zote nitakazozitaja hutumika kwa skrini, kibodi na kipanya cha kawaida. Wakubwa wakisisitiza kununua kitu, waombe wanunue betri za akiba za kuiweka seva hai umeme unapokatika, pamoja na kadi nzuri ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kuchora mandhari kwenye skrini, kwa kompyuta chache.

Programu ninayoipendekeza kwa hali yenu ni OpenSimulator. Ilianza mwaka 2007, ni huria, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuiendesha mwenyewe, haina ada ya leseni, na mandhari yake hufanana sana na Second Life kiasi kwamba zote mbili huingiwa kwa programu moja ya kutazamia, Firestorm, isiyolipiwa. Eneo moja la kawaida lina upana wa mita 256 kwa mita 256, na hilo linatosha kabisa kuanzia. Faida yake kubwa kwetu huku pwani ni kwamba inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ndani ya maabara na kutumiwa kupitia waya za ndani bila kuihitaji intaneti hata kidogo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikalegea, maabara ya namna hiyo isingetikisika. Kompyuta zenu za zamani zitalalamika, lakini ukipunguza umbali wa kuona na kuzima vivuli katika mipangilio ya Firestorm, nyingi zitamudu. Zisipomudu kabisa, ipo Luanti, iliyojulikana kwa jina la Minetest hadi mwaka 2024, ambayo dunia yake ni ya matofali na ni nyepesi zaidi. Huko mtu hapati sura nzuri, ila anapata nafasi ya kujenga na kukutana.

Usivutwe na huduma za bure za kampuni kubwa ambazo mambo yote hukaa kwenye seva zao. AltspaceVR ilifungwa na Microsoft tarehe 10 Machi 2023. Hubs ya Mozilla ilifungwa tarehe 31 Mei 2024, na waliosalimika ni wale waliokuwa na uwezo wa kuichukua programu yake huria na kuiendesha wenyewe. OpenSimulator huweza kulihifadhi eneo lote, ardhi na majengo yake, katika faili moja liitwalo OAR, ambalo hupakiwa upya kwenye seva nyingine popote. Nitalirudia faili hilo, kwa sababu ndilo litakalowafikisha Lamu.

Sasa kikao cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoamua kila kitu. Mhadhiri ni mtu aliyezoea kujua. Ukimkalisha mbele ya wenziwe, na huenda mbele ya wanafunzi wake, avata yake ikaingia baharini au ikatembea ikiutazama ukuta, amevunjiwa heshima, na hatarudi, ingawa atakueleza kwamba hakurudi kwa sababu ya kazi nyingi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumlinda ni hadhi yake. Wanafunzi wasiwepo, isipokuwa mmoja au wawili wa kusaidia, na waagizwe kutokishika kipanya cha mhadhiri hata akikwama vipi, bali kumwelekeza kwa maneno. Akaunti ziwe zimeshafunguliwa na zimejaribiwa. Avata ziwe zimeshavishwa, na hili si jambo dogo kwetu: avata zinazokuja na programu kwa kawaida huvaa kwa namna ambayo baadhi ya wenzako wataona haya kuonekana nayo. Andaa mapema kanzu na kofia, buibui, dera, suti, na nguo za kawaida za kazini, kisha mwachie kila mtu achague. Ni kazi ya alasiri moja kwa mwanafunzi anayejua kuchora, na itakuokoa na ubishi wa muhula mzima.

Mahali pa kupokelea pawe kama daka la nyumba ya Lamu: penye kivuli, penye pa kukaa pande zote mbili, ambapo mgeni huzungumza na mwenyeji bila ya kulazimika kuyaona ya ndani. Asikute vitufe kumi wala mabango ya maelekezo. Amkute mtu, mwenyeji anayemwita kwa jina na kumpa jambo moja la kufanya. Mambo ya kujifunza katika kikao hicho ni matatu tu, yaani kutembea, kuandika ujumbe, na kulihamisha jicho. La tatu ndilo gumu na ndilo linalosahauliwa na wakufunzi wengi. Katika ulimwengu pepe jicho la mtazamaji halikufungwa kwenye kichwa cha avata. Linaweza kuzunguka, kupanda juu ya paa na kuchungulia chumba cha pili huku mwili ukiwa umesimama pale pale. Asiyelijua hilo huhisi amefungiwa chumbani. Mfichie kitu juu ya kabati, mwambie akisome kilichoandikwa juu yake bila kusogeza mguu, na usimharakishe. Akishaweza, wasiwasi mwingi unamtoka.

Usiwafundishe kujenga siku hiyo. Najua kujenga ndiko kunakovutia, na wewe mwenyewe huenda ukawa na hamu ya kuwaonyesha. Gilly Salmon, aliyeufanyia kazi ufundishaji wa mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na baadaye akaujaribu mpangilio wake ndani ya Second Life, alipanga hatua tano: kuingia na kupata hamasa, kuzoeana, kupashana habari, kujenga maarifa kwa pamoja, na mwishoni kujiendeleza. Watu wengi hurukia ya nne. Baada ya dakika arubaini, zima skrini, leta chai na mahamri, na uliza swali moja: ni mada gani katika somo lako ambayo mwanafunzi angeielewa zaidi kama angekuwa amesimama ndani yake? Atakayejibu "hakuna" ajibiwe kwa heshima kwamba huenda ni kweli. Mhadhiri wa takwimu au wa sheria ya mikataba hana lazima ya kuwamo, na kumlazimisha ndiko kunakowapa wapinzani hoja.

Nikupe mfano mmoja wa mada inayofaa, ulio karibu na mlango wenu. Magofu ya Gede, kilomita kama kumi na tano hivi kutoka Malindi, yalianza kufukuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Upo msikiti mkuu, lipo jumba la kifalme, na zipo nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani, kama mkasi, kauri na taa ya chuma. Mwanafunzi wa historia akipelekwa huko huona kuta zilizokatika na miti mikubwa, akapiga picha, akarudi. Mwambie sasa aisimamishe nyumba moja tu ya hizo, na kikundi chake kikubaliane jinsi ilivyokuwa. Papo hapo maswali yanamiminika. Paa lilikuwa la nini? Mlango ulifungukia wapi? Maji yalitoka kisima kipi? Nani aliweza kumwona nani?

Hapo ndipo kazi ya mhadhiri inapoonekana, kwa kuwa ulimwengu pepe hauna habari na ukweli. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu, za Gede na za Lamu vile vile, ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zina urefu usiozidi kiasi fulani, na upana wa chumba ukaufuata urefu huo. Ndani ya kompyuta boriti haivunjiki. Mwanafunzi anaweza kujenga sebule ya mita kumi kwa kumi, dari ikaning'inia hewani kwa utulivu kabisa, na ikapendeza. Kanuni ya somo, basi, ni kwamba kila ukuta na kila boriti ubebe maandishi yanayofunguka ukiugusa, yaliyotaja ushahidi wake: umeonekana uwanjani, umeandikwa katika ripoti ya uchimbuaji, umekisiwa kutokana na nyumba ya Lamu iliyosimama hadi leo, au umebuniwa tu. Vitu vilivyobuniwa vipakwe rangi nyingine. Mhadhiri anayesahihisha anatembea ndani ya hoja za wanafunzi wake, na anaweza kusimama mbele ya dirisha na kuuliza, "Hili mmelitoa wapi?" Sijui insha inayoweza kumbana mwanafunzi kiasi hicho. Mipango na vipimo viombwe kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya kwa barua rasmi, na wanafunzi waende uwanjani kabla ya kujenga na warudi tena baada ya kujenga. Safari ya pili ndiyo yenye faida.

Kwa Malindi ipo mada nyingine ambayo ni rahisi kuliko hiyo. Mji wenu una Waitaliano na watalii wa Kiitaliano kwa miaka mingi, na wanafunzi wa utalii wanahitaji Kiitaliano cha mapokezi, cha malalamiko ya mgeni, cha kueleza njia. Chumba cha mapokezi, duka na kituo cha basi vya ulimwengu pepe vinatosha kwa maigizo hayo. Anayeona haya kukosea mbele ya darasa mara nyingi huthubutu zaidi anapokuwa nyuma ya avata. Utafiti wa Nick Yee na Jeremy Bailenson uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliopewa avata ndefu walijadiliana kwa ukakamavu zaidi kuliko waliopewa fupi, kwa hiyo sura unayompa mtu ina athari kwa mwenendo wake, na mwalimu hana budi kulifikiria hilo anapoandaa avata za darasa. Wa uuguzi nao wanaweza kufanya mazoezi ya kumhoji mgonjwa kwa njia hiyo hiyo, ingawa hakuna avata itakayowafundisha kupapasa mshipa.

Sasa suala la Lamu, Kilifi na Mombasa. Kutoka Malindi hadi Lamu ni mwendo mrefu wa barabara, kisha Mokowe, kisha mashua, na hakuna idara itakayolipia safari hiyo kila wiki ili wahadhiri wanne wakae na kuzungumzia ufundishaji. Hapo ulimwengu pepe una nafasi yake ya haki. Faili la OAR la nyumba yenu ya Gede litumwe Lamu, hata kwa flashi mfukoni mwa abiria, na lipakiwe kwenye seva ya maabara ya huko. Wanafunzi wa pande zote mbili watatembea katika nyumba moja bila kutumia intaneti. Kubalianeni tu ni nakala ipi iliyo asili, vinginevyo baada ya mwezi mtakuwa na nyumba mbili zinazobishana. Intaneti ibakishwe kwa ajili ya saa moja ya wiki ambapo wahadhiri wa matawi yote huingia kwenye seva ya mahali pamoja. Ofisi ya teknolojia ya chuo itahitajika kuipa seva hiyo anwani inayofikika kutoka nje, na kama chuo chenu kinapata huduma kupitia KENET, mtandao wa intaneti wa taasisi za elimu za Kenya, zungumzeni nao mapema. Mara ya kwanza mtu anapoingia mahali, kompyuta yake hupakua picha zote za pale na hapo ndipo mstari unapoelemewa. Mara ya pili nyingi huwa zimeshahifadhiwa. Waagize waingie siku moja kabla, wapate kutazama na kutoka.

Mazungumzo ya saa hiyo yawe ya maandishi. OpenSimulator haiji na sauti ndani yake. Huwekwa kwa mpango wa pembeni, na juu ya mtandao dhaifu sauti ndiyo hukatika kwanza. Maandishi hupita mahali pembamba, hubaki kama kumbukumbu, na humpa nafasi yule ambaye katika kikao cha kawaida hukatizwa kila anapofungua kinywa.

Saa yenyewe iwe ile ile kila wiki, hata kama wamekuja wawili. Jumuiya hukusanyika kwa kuwa wanajua watamkuta mtu. Isiangukie baina ya Magharibi na Isha, isiwe Ijumaa mchana, na isiwe usiku wa manane kwa kisingizio kwamba intaneti huwa nyepesi, kwani wapo kina mama ambao nyumba zao haziwaruhusu, na kimya chao kitadhaniwa ni kutopenda. Kila wiki mhadhiri mmoja alete kazi moja ya darasa lake, si mada ya jumla kuhusu teknolojia, na wenziwe waiingie, waitembelee na waulize. Atakayekuja na slaidi aombwe kwa upole azitume kwa barua pepe.

Kanuni za adabu ziandikwe kabla ya kikao cha kwanza cha mbali, na ziwe fupi. Kila avata ibebe jina ambalo wenzake wanalijua. Asiyejulikana asiingie bila mwenyeji. Kumsukuma, kumwandama au kumvua mtu mavazi ya avata yake kuhesabike kama vile kumefanywa ofisini. Kumbukumbu za maandishi zina majina ya watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu. Washiriki waelezwe kwamba mazungumzo yanahifadhiwa, nani anayeweza kuyasoma, na yatafutwa lini, na waridhie.

Wakubwa watataka kuona kitu, na wana haki. Wasionyeshwe mlango wa chuo uliojengwa kwa kompyuta. Waonyeshwe nyumba moja ya Gede, waguse ukuta, wasome ushahidi, na wasikilize kikundi cha wanafunzi kikiitetea. Omba pia kwamba saa za maandalizi zihesabike katika mzigo wa kazi wa mhadhiri, kwa sababu mada ya namna hii huchukua muda mrefu kuliko mhadhara, na asiyelipwa muda huo ataacha muhula wa pili.

Jambo la mwisho ni la fundi wa seva, na ningependa ulipange kabla ya yote. Mara nyingi mradi wa namna hii huwa mikononi mwa kijana mmoja mwenye bidii, naye akihamishwa au akimaliza shahada, milango yote hufungwa pamoja naye. Nakala ya OAR ihifadhiwe kila Ijumaa katika diski mbili, moja yake ikae tawi jingine, na mtu wa pili alijue neno la siri na awe ameshaizima na kuiwasha seva mwenyewe, bila kusaidiwa, kabla ya muhula wa kwanza kwisha.